Osha Brashi za Mekapu Nyumbani Bila Kuziua, Hata Kama Maji ya Kwenu Munje Ni ya Chumvi

Hebu toa brashi yako ya faundesheni kwa mkoba saa hii. Kunja zile nywele na kidole. Kama zimekauka kama brashi ya viatu, manze, unajipaka jasho na mafuta ya wiki tatu zilizopita.

Si kukutisha. 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, walipima mekapu ambayo watu walikuwa bado wanatumia, na karibu tisa kati ya kila kumi zilikuwa na bakteria hatari, E. coli ikiwemo. Sponji ndizo zilikuwa noma zaidi: 93% hazikuwa zimewahi kuoshwa hata siku moja, na 64% zilikuwa zimeshaanguka chini. Na hiyo ni Uingereza kwenye baridi. Sasa fikiria mkoba wako kwa joto la Msambweni.

Madaktari wa ngozi wa Marekani husema osha kila siku 7 hadi 10. Kama wewe ndiye msupa wa kupamba mabibi harusi, hiyo ya wiki haikuhusu. Kila uso na brashi yake safi, period.

Sasa maji. Hapa ndipo video za YouTube hukuangusha, juu zinadhani kila mtu ana bomba la maji matamu. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na sabuni ya kipande kwa maji hayo haitoi povu. Inageuka utando mweupe unaong'ang'ania nywele, brashi inanata, nawe unaongeza sabuni ukidhani bado ni chafu. Wachana na kipande. Chukua shampuu ya mtoto, hiyo inatoa povu hata kwa maji magumu. Osha na maji ya kisima kama ndiyo uko nayo, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu: ya mvua, au kikombe kimoja tu kutoka kwa ule mtungi wa kunywa. Hakuna mtu atakusomea kwa kikombe kimoja.

Brashi ya faundesheni au konsila anza na tone la mafuta ya nazi. Mafuta hutoa mafuta. Sugua kwa kiganja mpaka rangi ilegee, ndio ulete shampuu na maji ya uvuguvugu. Zungusha polepole kwa kiganja, nywele zikiangalia chini, mpaka maji yatoke safi. Ya poda haihitaji mafuta. Jik usijaribu, itakula nywele na baadaye ikuwashe ngozi.

Kitu cha kuchunga ni ile shingo ya chuma. Ndani kuna gundi, na maji yakiingia gundi inaachia. Mimi nilijifunza hii kwa soo: niliosha brashi za binamu yangu, nikazisimamisha kwa glasi zikiwa mbichi kama maua. Wiki iliyofuata kwa harusi, nywele tatu zikabaki kwa shavu la bibi harusi, mbele ya mashangazi wote. Kwa hivyo kamua na taulo, zilaze ukingoni mwa meza nywele zikining'inia nje, kivulini penye upepo. Ile nene inaweza kuchukua siku nzima, kwa hivyo usioshe asubuhi ya harusi. Na usiirudishe kwa mkoba ikiwa mbichi, itaota ukungu.

Sponji ifinye kwa maji ya sabuni mpaka itulie. Ukiona madoa meusi yasiyotoka, huo ni ukungu na umefika ndani. Tupa, hata kama ulinunua jana.

Spiriti ya chemisti ya 70% ni poa kati ya mteja na mteja, lakini kwa brashi iliyooshwa. Ukiimwaga juu ya mafuta na uchafu haifiki kwa wadudu.

Halafu kuna macho, na hapa sina mchezo. Mapema 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulitembea Mombasa na Pwani, na virusi vyake hushikwa kwa mikono, taulo na mekapu ya kushare. Virusi vya aina hiyo spiriti haiviui vizuri. Kwa hivyo mkiwa mmepanga laini kusubiri kupambwa na mmoja ana jicho jekundu, mwambie dada wa mekapu amruke macho, ampake mdomo na mashavu tu, tena na brashi zake pekee. Ukiumwa wewe, tupa mascara na wanja uliokuwa ukitumia. Ile ya mascara haioshwi wala haikopeshwi hata ukiwa mzima, na baada ya miezi mitatu inaenda kwa pipa.