Soksi Huanzia Wapi?

Usicheke ukisikia kijana wa kiume hapa Bunda anafuma soksi huku akiota kuandika riwaya. Miguu ya bibi yangu ilivimba, soksi za dukani zikawa zinambana. Basi nikanunua uzi wa sufu na sindano.

Jozi ya kwanza nilianzia juu, mdomoni. Vitanzi vya mwanzo nikavikaza ili vipendeze. Loo! Asubuhi bibi alikuwa na alama mguuni kama mbuzi aliyefungwa kamba. "Mjukuu wangu, umenifumia soksi au umenitega?" Nikafumua zote.

Kumbe jambo hili ni la kale. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Oxyrhynchus nchini Misri, zilichimbuliwa soksi nyekundu za sufu za kati ya mwaka 250 na 420. Mbele zimegawanyika, kidole gumba peke yake, ili zivaliwe na kandambili. Sasa zimehifadhiwa London. Mafundi wake walitumia sindano moja, wakaanzia vidoleni. Mwaka 2006 Mmarekani Judy Becker alichapisha njia yake ya kuanzia hukohuko, uzi ukizungushwa kwenye sindano mbili.

Nami nikaanzia vidoleni. Kila nikifuma kidogo, namvalisha bibi, napima. Mdomo ukaja mwisho, nikaumaliza kwa mkono mlegevu.

Historia hii sikuisoma shuleni. Lakini usiku ule bibi alilala, na asubuhi hakuwa na alama.