Kabla ya Dawa: Muuguzi Alivyokuwa Mpimaji

Leo mgonjwa akifika katika hospitali ya umma mtaani Huruma, jijini Eldoret, hutarajia kwanza kuulizwa, kutazamwa na kupimwa na muuguzi. Utaratibu huu haukuzuka ghafla.

Mwaka 1854, wakati wa Vita vya Crimea, muuguzi Florence Nightingale aliwakuta askari wengi zaidi wakifa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Muuguzi ndiye aliyekaa na mgonjwa usiku na mchana. Kwa hiyo Nightingale alisisitiza kwamba kumchunguza mgonjwa kwa makini ni sehemu ya uuguzi wenyewe.

Vifaa vikafuata. Kipimajoto cha zamani kilikuwa kirefu na kilichukua muda mwingi, lakini mwaka 1866 daktari Thomas Clifford Allbutt alibuni kifupi kilichotoa jibu kwa dakika tano. Mwaka 1905 daktari Nikolai Korotkov alieleza jinsi ya kupima presha kwa kusikiliza mshipa wa mkono.

Kwa nini basi upimaji ukawa kazi ya muuguzi? Wapo wanaosema sababu ni wepesi wa vifaa, na wengine wanataja uchache wa madaktari. Hoja zote mbili zina uzito, ila kwa Afrika Mashariki ya pili inaeleza zaidi. Kuhesabu pumzi, kwa mfano, kunahitaji saa tu, na saa zilikuwapo zamani. Hata hivyo, ni katika miaka ya 1990 ndipo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipoeneza mwongozo wa kuwapima watoto wadogo katika vituo visivyo na daktari.

Tazama mwongozo huo unavyofanya kazi. Mtoto anayekohoa hupakatwa na mama hadi atulie, kisha muuguzi huinua shati na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huashiria nimonia. Kifua kikibonyea anapovuta pumzi, hatari huongezeka.

Nchini Kenya, mwaka 2013 huduma nyingi za afya zilihamia kaunti, na hospitali ya Huruma ikawa chini ya Kaunti ya Uasin Gishu. Hospitali ya Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917, imo jijini Eldoret pia. Vipimo vya muuguzi ndivyo husaidia kuamua nani apelekwe huko mara moja, na nani atibiwe karibu na nyumbani. Dakika ile ya kuhesabu pumzi isifupishwe, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.