Mwenye Kusoma, Mwenye Kuamuru na Mwenye Kulipa: Hoja Juu ya Soko la Vihisi vya Majumbani

Imekuwa ada ya waandishi wa ripoti za biashara, na siku hizi hata ya baadhi ya wanazuoni wenzetu wa iktisadi na uhandisi, kuhesabu ni vihisi vingapi vimeuzwa duniani kwa mwaka, kisha kuichukua hesabu hiyo kuwa ni burhani ya kutosha kwamba nyumba zinazidi kuwa janja na wakaao ndani yake wanazidi kunufaika. Kutokana na hesabu hiyo hufuata hukumu ya pili, ambayo ndiyo hasa iliyonisukuma kushika kalamu: kwamba Afrika ya Mashariki, kwa kuwa haionekani katika majedwali hayo ila kwa tarakimu hafifu, imebaki nyuma, na kwamba dawa yake ni kulegeza ushuru wa forodha ili vyombo hivyo viingie kwa wingi. Makala haya yanaikanusha hukumu ya kwanza na kuitilia shaka ya pili. Dai langu ni kwamba kihisi humfaa mwenye nyumba pale tu ambapo mwenye kukisoma, mwenye kuamuru kutokana na kilichosomwa, na mwenye kulipa gharama ya amri hiyo ni mtu mmoja, au angalau ni watu waliofungwa na maslahi mamoja. Na kila watatu hao wanapotengana, soko laweza kukua maradufu pasipo nyumba kupata faida hata chembe.

Juu ya vyombo vyenyewe hapana ugomvi mkubwa. Kihisi cha mwendo kilicho darini mwa ofisi hupokea miale ya joto la mwili, isiyoonekana kwa jicho, na hugutuka joto hilo linapohama kutoka sehemu moja ya lenzi yake hadi nyingine. Ndiyo sababu mtu aliyetulia akisoma huzimiwa taa, akabaki kupunga mikono hewani kama anayeita mashua. Vihisi vya joto, vya unyevu na vya mtikisiko vimekuwa rahisi kwa bei hasa kwa sababu biashara ya simu za mkononi iliwazoeza wenye viwanda kuchonga mitambo midogo mno juu ya silikoni kwa mamilioni, na tangu Oktoba 2022 yapo mapatano, yaitwayo Matter, yanayoviwezesha vyombo vya makampuni yaliyokuwa mahasimu kusikilizana katika nyumba moja. Haya ni kweli, wala hayahitaji kurefushwa.

Penye ugomvi ni faida yenyewe, na hapo yafaa kuanza na asili. Warren Johnson, mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani, aliudhika kwa kuwa mtumishi wa jengo hakuwa na budi kukatiza masomo kila mara, aingie darasani kutazama kipimajoto, kisha ateremke chini kurekebisha moto. Mnamo 1883 Johnson alipata hataza ya thamostati ya umeme, ambayo joto la chumba lilipopita au kupungua kiasi, kengele ililia huko chini kwenye tanuri, na mchochea moto akajua la kufanya bila ya kupanda ngazi. Na tuangalie ni nani walioshiriki katika jambo hili: aliyeisikia kengele alikuwa mtumishi wa chuo, makaa yalikuwa ya chuo, na walioona baridi walikuwa walimu na wanafunzi wa chuo hicho hicho. Kusoma, kuamuru na kulipa vilikuwa chini ya paa moja. Kampuni iliyozaliwa kutokana na kengele ile mwaka 1885 ingali hai, nayo ni miongoni mwa makubwa ya biashara hii.

Baada ya miaka zaidi ya mia moja tunakutana na tatizo ambalo wapenzi wa majedwali aghalabu hulipita kimya. Mwaka 1995 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilianza kuzipa nembo yake ya Energy Star thamostati za kupangika, yaani zile ambazo mwenye nyumba huziagiza mapema saa za kupasha joto na saa za kupumzika, kwa itikadi kwamba zitapunguza matumizi ya nishati. Zilinunuliwa kwa wingi, na kwa kipimo cha soko zilifaulu. Walakini mnamo 31 Desemba 2009 shirika hilo hilo liliiondoa nembo, kwa kuwa akiba iliyotarajiwa haikuthibitika majumbani. Chombo hakikuwa kibovu. Kilitenda kila kilichoagizwa, ila hakikuagizwa. Alan Meier na wenzake wa maabara ya Lawrence Berkeley, walipochunguza namna watu wanavyoishi na thamostati hizo, walikuta nyingi hazijapata kupangwa, nyingine zinaonyesha saa isiyo sahihi, na wenyeji wameziweka mahali pamoja na kuziacha hivyo. Mwenye kulipa alikuwapo, mwenye mamlaka ya kuamuru alikuwapo, lakini msomaji hakuwapo.

Wenye viwanda walitoa fasiri nyingine: kwamba kasoro ni mtu, na kwamba lililobaki ni kumwondoa njiani. Ndipo mwaka 2011 kampuni ya Nest, iliyoasisiwa na Tony Fadell na Matt Rogers, ilipotoa thamostati yenye kujifunza yenyewe mazoea ya wenyeji, kwa vihisi vya mwendo vilivyofichwa ndani yake na kwa kuungwa na intaneti. Na mnamo Januari 2014 Google ikatangaza kuinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3.2, thamani ambayo hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu angeilipa kwa ajili ya vyombo vya ukutani peke yake. Oktoba mwaka huo huo Nest nayo ikainunua Revolv, kampuni ndogo iliyouza kwa dola 300 kitovu cha kuziunganisha taa, makufuli na vihisi vya nyumba, pamoja na ahadi ya huduma ya maisha. Mnamo 15 Mei 2016 seva za Revolv zikazimwa. Kitovu kilichokuwa mezani, chenye nguo yake nyekundu ya plastiki, kizima na bila mchubuko, kilikoma kufanya kazi, kwa maana hata amri ya kuwasha taa ya sebuleni ilikuwa haina njia ila kwa kupitia mashine za mbali. Kelele zilipozidi, walioguswa waliambiwa kwamba fidia itafikiriwa.

Shoshana Zuboff, katika kitabu chake cha 2019 juu ya ubepari wa upelelezi, ameitaja Nest kuwa mfano wa nyumba iliyogeuzwa shamba la kuvuna mienendo ya watu, na wengi wameridhika na maelezo hayo. Mimi sikuridhika. Zuboff huiona amri kuwa tawi la usomaji: wenye makampuni hukusanya habari zako ili wakubashirie, na wakishakubashiria wakuelekeze wanakotaka. Lakini wenye Revolv hawakuelekezwa popote, wala siri zao hazikuwa ndizo zilizoleta msiba. Walinyang'anywa mamlaka juu ya kitu walichokwisha kukilipia, na aliyewanyang'anya hakuwa hata na tamaa ya kuwageuza tabia, alikuwa amechoka tu na biashara ile. Nadharia isiyoweza kueleza hasara itokanayo na kuchoka kwa muuzaji ni nadharia pungufu. Kwa insafu niongeze kwamba Google, ilipokata mwunganiko wa thamostati za Nest za vizazi viwili vya mwanzo mnamo 25 Oktoba 2025, iliwaachia wenyeji uwezo wa kuzigeuza kwa mkono pale ukutani; ni kidogo, lakini kidogo hicho ndicho kilichowakosa wa Revolv.

Hapana shaka mahasimu wangu watanitajia The Edge, jengo la ofisi lililokamilika Amsterdam mwaka 2014, lenye vihisi kama 28,000, ambalo lilipata asilimia 98.36 katika daraja za BREEAM, na kwa muda likahesabiwa kuwa ofisi yenye kuhifadhi mazingira kupita zote duniani. Naikubali shahada hiyo kwa mikono miwili, kwani inanitetea mimi: huko anayeendesha jengo, anayelisoma na anayebeba gharama zake wamefungamana kwa mikataba, na uti wa jambo lote ni kuendesha jengo kwa umeme mchache. Kinyume chake ni kisa cha gazeti la Daily Telegraph la London, ambako Januari 2016 waandishi walifika kazini wakakuta visanduku vya kuhisi joto na mwendo vimebandikwa chini ya meza zao. Ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya kupanga matumizi ya nishati, lakini ghadhabu ilikuwa kubwa hata visanduku vikabanduliwa siku hiyo hiyo. Vihisi vya Amsterdam na vya London havikutofautiana sana katika umbile; kilichotofautiana ni maslahi ya wenye kuvisoma.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo dai la kubaki nyuma linapoanguka. Kipimo kilichoenea mno katika nyumba za Tanzania, na ambacho sijapata kukiona kikitajwa katika mazungumzo ya nyumba janja, ni mita ya umeme ya LUKU. Anayeishi nayo ataijua kwa undani: tarakimu 20 za tokeni zilizokuja kwa simu, zinazobonyezwa nne nne huku mtoto akizisoma kwa sauti, kisha uniti zilizobaki zikionekana katika kioo chake, na taa ndogo inayopepesa upesi zaidi pasi inapochomekwa. Mwenye kulipa amelipa kabla, kwa hiyo husoma. Na kwa kuwa husoma, huamuru: pasi hupigwa mara moja kwa nguo za wiki, friji huzimwa usiku, jiko la umeme hugeuzwa pambo na mkaa au gesi ikarudi kazini. Hapana programu iliyojifunza mazoea yake. Yeye ndiye aliyejifunza, na somo lenyewe, kwa walio wengi, limetoka katika uchache wa fedha. Jambo ambalo silisifu, ila nalitaja kwa kuwa ndilo lililomfanya msomaji awepo pale ambapo Wamarekani walimkosa.

Ushahidi ulio na nguvu zaidi umo katika nyumba za kupanga. Pale ambapo vyumba sita vina LUKU moja, wapangaji huchangia umeme sawa kwa sawa, ilhali huyu ana balbu na redio tu na yule ana friji la kuuzia barafu. Kioo ni kimoja, walipaji ni wengi, na kila mwenye kuamuru chumbani mwake hulipiwa sehemu na jirani. Hapo mita ile ile, ya kiwanda kile kile, haileti tena uangalifu wowote. Huleta vikao, na vikao huleta matusi, hata mwenye nyumba akaenda kununua mita ndogo, akamfungia kila mpangaji ya kwake, na fitina ikapoa. Mita ndogo hizo huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, na wenye nyumba wa Nairobi nao wanazijua vilivyo. Hili ni soko la vihisi lililozaliwa na haja ya walaji wenyewe, na hukumu kwamba tumebaki nyuma imetolewa bila ya kulitazama.

Itasemwa kwamba LUKU nayo ina bwana wa mbali. Ni kweli. Mita za aina hiyo, zifuatazo kanuni ya kimataifa ya STS, huhesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa na mwisho: mita ambayo haikusasishwa kabla ya 24 Novemba 2024 ingezikataa tokeni mpya. Lakini tofauti na kisa cha Revolv ni kubwa. Tarehe hii ilitokana na hesabu, ikajulikana miaka mingi kabla, na tiba yake ilikuwa safu za tarakimu ambazo mwenye nyumba alizibonyeza kwa kidole chake.

Ipo pingamizi nzito kuliko hiyo, nayo ni kwamba amri ya mbali ndiyo inayomwezesha maskini kupata chombo. Mitambo ya sola ya M-KOPA, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2012, hukopeshwa kwa malipo madogo ya kila siku kupitia simu, na asiyelipa huzimiwa taa kwa amri ipitayo hewani. Lau si kufuli hilo, hapana tajiri ambaye angemkopesha mtu asiye na hati wala dhamana. Nalikubali hilo, na nasema kwamba linathibitisha zaidi kuliko linavyokanusha, kwa kuwa deni likiisha kufuli hufunguliwa na mtambo ukawa wa mnunuzi. Mkopeshaji huyo wa Kenya ametambua kwamba amri ina kikomo, ilhali muuzaji wa kitovu cha dola 300, aliyelipwa fedha zote siku ya kwanza, alibaki na amri mkononi hadi alipoitupa.

Sheria zetu zimelishika jambo hili kwa mkono mmoja. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinamhusu mwenye kusoma, na ni sheria njema, lakini hazina neno juu ya mwenye kuamuru. Uingereza imekwenda hatua moja mbele: tangu 29 Aprili 2024 vyombo vya nyumbani viungwavyo na intaneti haviruhusiwi kuuzwa vikiwa na neno la siri jepesi linalofanana kwa vyote, na mtengenezaji sharti atangaze ni kwa muda gani ataendelea kutoa masasisho ya usalama. Hata huko, mwenye kutangaza muda mfupi hakatazwi kuuza.

Kwa hiyo nayaomba Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya, kabla ya kukipa kihisi chochote cha majumbani alama ya ubora, yamtake mwenye kukiingiza nchini akifungue mbele ya mkaguzi, akate intaneti, na aonyeshe kwamba taa ingali yawaka, mlango ungali wafunguka na kipimo kingali chasomeka kwa aliyekinunua. Na asiyeweza kuonyesha hayo, arudishe shehena yake alikoitoa.