Kamsa ya Andromeda na Kituo cha Malindi

Setilaiti ya Swift, inayowinda milipuko ya miale ya gama tangu Novemba 20, 2004, imekuwa ikishuka kuelekea angahewa, na mwaka 2025 NASA iliipa kampuni ya Katalyst kazi ya kujaribu kuiinua. Mlipakodi ana haki ya kuuliza kwa nini chombo kinachopiga kamsa ya uongo kigharamiwe tena. Jibu limo katika historia, na sehemu yake kubwa imepitia Kenya. Milipuko hiyo ilinaswa kwanza mwaka 1967 na setilaiti za Vela, zilizokuwa zikichunguza majaribio ya nyuklia. Desemba 12, 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Ngomeni, kuchunguza eksirei za angani. Njia yake kandokando ya ikweta iliipitisha juu ya Meru na Embu, mji mdogo wa Kanja ukiwemo. Mwaka 1997 setilaiti ya BeppoSAX, iliyoteremsha data zake Malindi, ilinasa kwa mara ya kwanza mwanga unaobaki baada ya mlipuko.

Kisa kinachofunza zaidi ni cha Mei 28, 2014. Saa sita na dakika 21 usiku kwa saa za Kenya, Swift ilitangaza kitu katika galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka-nuru milioni 2.5. Makadirio ya kwanza yalikionyesha kiking'aa kupita kawaida. Umeme ulikuwa umekatika katika kituo cha data cha Goddard, Marekani, uhakiki ukachelewa, na Twitter ikajaa uvumi kwamba nyota mbili za nyutroni zimegongana. Saa chache baadaye wanasayansi wa Swift, akiwemo Phil Evans wa Chuo Kikuu cha Leicester, ambaye alieleza mkasa huo hadharani, walibaini kuwa ni chanzo cha eksirei kilichojulikana tangu zamani, na hakikuwa kimelipuka.

Wakosoaji husema kamsa kama hiyo hupoteza muda ghali wa darubini nyingine. Ni kweli, lakini Swift hushusha kiwango chake cha tahadhari kwa makusudi inapoelekea galaksi za karibu, kwa kuwa mlipuko wa huko ni nadra mno na mwanga wake hufifia haraka. Jirani wa Kanja asikiaye kamsa usiku hutoka kwanza, akauliza baadaye. Kiwango kikipandishwa hadi kosa lisitokee kabisa, milipuko hafifu ya kweli itapita bila kuonekana, na hasara hiyo haina marekebisho. Kosa la Andromeda lilirekebishwa kabla ya siku kuisha.

Ujumbe wa dharura wa Swift hupitia setilaiti nyingine kwa sekunde chache, lakini data nyingi, ambazo ndizo za kupimia ukweli wa kamsa, hushukia kituo cha Malindi. Mijadala yetu kuhusu mkataba wa kituo hicho na Italia imezunguka mno malipo. Shirika la Anga la Kenya, lililoundwa 2017, lingedai pia nafasi za Wakenya katika uhakiki wenyewe: vijana wa Runyenjes na Kilifi wakizisoma data hizo pindi zinaposhuka Malindi.