Boyi na mukanda wa kazi

Mutu akieleza namna muji wa Elisabethville ulivyojengwa, anataja shaba, reli na Union Minière. Ni kweli. Lakini kila asubui, mbele ya Muzungu kwenda kazini, mutu mumoja alikuwa amekwisha kuwasha moto, kuchemusha kahawa na kupiga pasi. Yule aliitwa boyi. Tuangalie alifanya kazi kwa masharti gani, maana habari yake inatuhusu sisi vilevile.

Muji ule ulianza mwaka wa 1910, mwaka ule ule reli iliyotoka kusini ilipofika. Watu wengi waliokuja kutafuta kazi walikuwa wageni. Wengine walitoka Rodezia ya Kaskazini na Nyasaland, inchi zinazoitwa leo Zambia na Malawi. Nyuma yao wengi walitoka Kasai. Kazi ya nyumba ilifanywa na wanaume: kupika, kufua, kufagia, hata kuangalia watoto. Mara nyingi boyi alilala ndani ya kijumba nyuma ya nyumba ya bwana. Alipokea mushahara na posho. Usiku hakuweza kutembea mujini pasipo ruhusa.

Tufahamu vizuri shida yake. Watu wa kazi ya shaba walikuwa wengi pamoja. Desemba 1941 waliacha kazi kwa umoja wakidai mushahara, na askari wakawapiga risasi. Habari ile haikuweza kufichwa. Lakini boyi alikuwa peke yake jikoni. Mutu mumoja alimupa kazi, chakula, nyumba na feza. Akifukuzwa, alikosa vyote siku moja. Na nani angeshuhudia mambo yaliyotendeka ndani ya nyumba ya mutu?

Sheria iliweza kumusaidia? Tarehe 16 Machi 1922 serikali ya Wabeleji ilitoa amri juu ya mapatano ya kazi. Sheria ile ilitaja wajibu wa pande mbili. Lakini mufanyakazi aliyeacha kazi mbele ya wakati wake kutimia aliweza kutiwa kifungoni. Basi mukanda wa kazi, uliopasa kuwa ngao yake, uliweza kuwa kamba ya kumufunga.

Uhuru ulipokwisha kufika, maboyi wa zamani walifanya jambo la ajabu. Walikuwa na chama chao mujini, na mwaka wa 1965 mumoja wao, André Yav, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya muji kama walivyoiona wao. Kitabu kile kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwaka wa 1990 mwalimu Johannes Fabian alikitangaza pamoja na maelezo yake, na sasa wenye elimu wa inchi nyingi wanakisoma. Watu walioandikiwa na wengine muda mrefu walishika kalamu wenyewe.

Leo wanaosafiri kwa kazi ya nyumba ni wasichana na wanawake wengi, na wengine wanavuka bahari mpaka inchi za Waarabu. Shida ni ileile: mutu peke yake ndani ya nyumba ya mwingine. Kwa hiyo mwaka wa 2011 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mapatano namba 189. Yanasema kwamba mutu anayevuka mupaka apewe masharti ya kazi kwa maandiko mbele ya kuondoka. Apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Pasipoti yake akae nayo mwenyewe. Nayo sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mapatano yaandikwe. Yasipoandikwa, mufanyakazi anaweza kuyashuhudia kwa njia nyingine.

Sasa tujiulize. Wajukuu wa maboyi wamekuwa mabwana na mabibi. Katika nyumba zetu yuko musichana aliyetoka kijijini. Tunamwita “mutoto wetu”, na kwa neno lile zuri tunasahau kumulipa. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata jasho ni mali. Tuandike basi kazi yake, mushahara wake, siku yake ya kupumzika. Tumusomee kwa luga anayoifahamu, na mukanda mumoja abaki nao yeye. Mwisho wa mwezi tusingoje atuombe.