Bunduki, Mzigo na Udongo: Wanawake wa Msumbiji



Kila mwaka, ifikapo tarehe 7 Aprili, ofisi na shule za jirani zetu wa kusini mwa mto Ruvuma hufungwa, na wanawake hutoka wamejifunga vitenge vyao vipya. Siku hiyo ni ya kumkumbuka Josina Machel, aliyefariki kwa ugonjwa mjini Dar es Salaam tarehe 7 Aprili, 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Wengi wenu jina hilo mnalijua. Lakini jina moja, liwe kubwa namna gani, halitoshi kueleza habari za wanawake wote walioishika kazi ile, na ndiyo sababu inafaa kutazama pia mahali pengine ambapo kumbukumbu zao zimehifadhiwa.

Josina alizaliwa mwaka 1945 huko Vilanculos, katika jimbo la Inhambane. Mwaka 1964 alijaribu kutoroka nchini pamoja na wanafunzi wenzake ili kujiunga na FRELIMO. Walikamatwa Rhodesia, wakarudishwa kwa Mreno, naye akakaa gerezani miezi kadhaa. Mwaka uliofuata akatoroka tena, akapitia Swaziland, Botswana na Zambia hadi akafika Dar es Salaam. Alipopewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi aliikataa. Badala yake, mwaka 1967, alikwenda Nachingwea pamoja na wasichana wenzake wa kundi la kwanza kupata mafunzo ya kijeshi.

Kwenda kwao kulitokana na uamuzi wa Kamati Kuu ya FRELIMO wa Oktoba 1966, kwamba wanawake washiriki kikamilifu katika mapambano. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kikosi cha Wanawake. Si kwamba wote walifurahi. Wako wanaume, wapiganaji hodari kabisa, walioona ni aibu mwanamke kushika silaha. Na wako wazee vijijini waliokataa kuwatoa binti zao. Mabishano hayo hayakumalizwa kwa hotuba. Yalipungua pale wasichana walipoingia kijiji baada ya kijiji wakiwa na bunduki begani, wakawaeleza akina mama habari za vita, nao akina mama wakaanza kutoa chakula, habari na watoto wao wenyewe.

Askari yeyote aliyepata kufanya kazi ya ugavi anajua kwamba vita hushindwa ghalani kabla ya kushindwa mstari wa mbele. Katika Cabo Delgado hapakuwa na malori, wala barabara iliyo salama. Risasi, mabomu na dawa zilivushwa Ruvuma, kisha zikapelekwa ndani vichwani mwa watu, siku nyingi za mwendo wa usiku, chini ya ndege za adui na juu ya njia zilizotegwa mabomu. Sehemu kubwa ya vichwa hivyo vilikuwa vya wanawake. Waliporudi hawakurudi mikono mitupu: walibeba korosho, ufuta na karanga za kuuzwa Tanzania. Wengine walilinda vituo, wengine waliuguza majeruhi, wengine walilea watoto ambao wazazi wao wamekufa. Mzigo si kazi ndogo kuliko bunduki. Anayedhani hivyo hajawahi kungojea risasi ambazo hazikufika.

Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alipeleka kaskazini askari wapatao 35,000 katika operesheni iliyoitwa Fundo la Gordio, kwa nia ya kuimaliza FRELIMO. Vituo vingi vilitekwa. Vita havikufa, kwa sababu ile minyororo ya wabebaji haikukatika, na mapambano yakazidi kuenea upande wa Tete. Tarehe 25 Juni, 1975, Msumbiji ikawa huru. Mabaki ya Josina, aliyekuwa amezikwa Kinondoni, yalihamishiwa kwenye Uwanja wa Mashujaa mjini Maputo.

Na wale wabebaji? Je, nani aliandika majina yao?

Mwaka uleule wa 1945 aliozaliwa Josina kusini, huko kaskazini katika uwanda wa Mueda alizaliwa binti wa Kimakonde aitwaye Reinata Sadimba. Naye alishiriki katika mapambano hayo. Wamakonde, kama ijulikanavyo, ni mabingwa wa vinyago duniani, lakini uchongaji ni kazi ya wanaume, na sura za ngoma ya mapiko zilikuwa siri ambayo mwanamke hakuruhusiwa kuikaribia. Wenyewe husimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga kinyago cha mti, akakisimamisha nje jioni, na asubuhi akakikuta ni mwanamke aliye hai. Kwa hiyo hata katika hadithi ya asili yao mwanamke ndiye achongwaye. Kazi aliyoachiwa ni kufinyanga vyungu.

Reinata alianza na vyungu hivyo. Baada ya vita, mitungi yake ikaanza kuota macho, mikono na watoto. Tumbo la mtungi likawa tumbo la mama. Juu ya kichwa kimoja kikaota kingine. Usoni akachora chale za Kimakonde, na mdomoni akatia ndonya. Kisha akaipaka sanamu unga mweusi kama wa ncha ya penseli, ikang'aa kama chuma. Wenzake waliona mambo haya kuwa ya ajabu. Mwaka 1980 alihamia Tanzania, akaishi huku hadi mwaka 1992.

Aliporudi alipewa mahali pa kufanyia kazi katika Makumbusho ya Viumbe ya Maputo, jengo linalojulikana zaidi kwa tembo na simba waliokaushwa. Hapo, kando ya wanyama hao, mwanamke wa Mueda alikaa chini akifinyanga wanawake wenye mizigo vichwani na watoto migongoni. Baadhi ya sanamu zake zimo katika makumbusho ya Lisbon, mji uleule ulioamuru Fundo la Gordio.