Elimu endelevu ya tiba ya osteopathia

Elimu endelevu ya tiba ya osteopathia ni mafunzo yanayotolewa nchini Marekani kwa madaktari waliokwisha kuhitimu, ili walinde na kuongeza ujuzi wao wa kutibu kwa mikono. Jina osteopathia linatokana na maneno ya Kigiriki osteon (mfupa) na pathos (mateso).

Historia

Osteopathia ilianzishwa na tabibu Andrew Taylor Still (1828–1917). Mwaka 1864 watoto wake watatu walifariki kwa homa ya uti wa mgongo, naye akapoteza imani na dawa za wakati ule, ambazo nyingi zilidhuru kuliko kuponya. Alitangaza nadharia yake mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua chuo cha kwanza mjini Kirksville, Missouri.

Leo wenye shahada ya osteopathia (DO) ni madaktari kamili. Wana haki ya kuandika dawa na kufanya upasuaji katika majimbo yote ya Marekani, sawa na wenye shahada ya MD. Nchini Uingereza hali ni tofauti: huko mwanaosteopathia hutibu kwa mikono lakini si daktari wa tiba.

Sababu za mafunzo

Mwanafunzi wa DO husoma masomo yote ya udaktari na kuongezewa takriban saa 200 za tiba ya mikono. Hata hivyo, akianza kazi hospitalini, mara nyingi hana nafasi ya kuitumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya madaktari wa DO waliojibu waliitumia kwa chini ya asilimia 5 ya wagonjwa wao. Ujuzi wa mikono usipotumika hufifia, na pamoja nao hufifia jambo kuu linalotofautisha shahada hizo mbili.

Namna ya kufundisha

Kozi nyingi huchukua siku chache. Baada ya maelezo mafupi, madaktari hugawanyika wawiliwawili: mmoja hulala mezani, mwenzake hupapasa misuli na viungo vyake, kisha hubadilishana zamu huku mwalimu akirekebisha mikao ya mikono. Mbinu zinazofundishwa ni pamoja na kunyoosha misuli, kulegeza tishu zinazoifunika, na kusukuma kiungo kwa haraka katika umbali mdogo. Kwa kuhudhuria, daktari hupata alama zinazoweza kuhesabiwa anapohuisha leseni yake, kwa kufuata masharti ya jimbo lake. Ziko pia kozi za msingi kwa madaktari wa MD.

Ushahidi na usalama

Tiba hii ina ushahidi wa kuridhisha zaidi katika maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Ushahidi wa tiba ya mifupa ya fuvu, iliyoanzishwa na William Garner Sutherland, ni dhaifu, na wataalamu wengi wanaipinga.

Mafunzo mema humfundisha daktari pia wakati wa kuacha. Kusukuma kwa nguvu hakufai kwa mgonjwa aliyevunjika mfupa, mwenye mifupa iliyodhoofika sana au mwenye saratani iliyofika mifupani. Kusukuma shingo kwa haraka kunaweza, ingawa ni nadra, kuchana mshipa wa damu na kuleta kiharusi.